Hospitali ya Askari Iliyosafirishwa Vipande Vipande

Kila askari aliyepata kulala ndani ya yunipoti, kile kibanda cha mviringo cha mabati, anajua vema nyumba iliyotengenezwa kiwandani ikoje. Mchana, jua linapokuwa utosini, bati hukusanya joto lote na kumkabidhi mwenye nyumba. Usiku wa manane baridi huingia kana kwamba hakuna ukuta. Yunipoti husimama upesi, hubebeka kwa lori, haimhitaji mwashi wala tanuri la matofali, na kwa sababu hizo imewahifadhi askari polisi wetu kwa miaka mingi. Aliyeichora alifikiri sana jinsi itakavyosimama. Jinsi mtu atakavyoishi ndani yake pamoja na mkewe na watoto wake, hilo halikumshughulisha sana.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wengi watikise vichwa wanapoambiwa kwamba zahanati mpya ya kambi itagawanywa vyumba kwa viambaza vilivyoletwa tayari: ukuta wenye nyaya za umeme na mabomba ndani yake, mlango uliokwisha kutiwa bawaba, mahali pa sinki palipokwisha kutobolewa. Wanauliza: je, sasa tutauguzwa ndani ya yunipoti? Swali hilo ni la haki, na jibu lake bora, kwa maoni yangu, halimo katika vijitabu vya matangazo ya wenye viwanda. Limo katika historia ya majeshi, mahali paitwapo Renkioi, kando ya mlangobahari wa Dardanelles katika nchi ya Uturuki. Huko, mwaka 1855, ilisimamishwa hospitali nzima ya askari iliyotoka Uingereza ndani ya meli, ikiwa vipande vipande.

Vita vya Crimea vilipiganwa tangu mwaka 1853 hadi 1856. Upande mmoja alikuwa Mrusi; upande wa pili walikuwa Waturuki, Wafaransa na Waingereza, na baadaye wakaja askari wa Sardinia. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalishuka katika rasi ya Crimea mwezi Septemba 1854. Katika vita hivyo Waingereza walipoteza askari wapatao 21,000. Katika hao, zaidi ya 16,000 hawakuuawa na adui hata kidogo. Waliuawa na kipindupindu, kuhara, homa na baridi. Msomaji aliye askari na aizingatie hesabu hiyo. Kwa kila askari mmoja aliyekufa kwa silaha, watatu na zaidi walikufa kwa maradhi, na wengi wao walikata roho wakiwa wamelazwa chini ya paa, katika mahali palipoitwa hospitali.

Wagonjwa na majeruhi walivushwa Bahari Nyeusi mpaka Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, wakalazwa katika kambi kubwa ya jeshi la Uturuki iliyogeuzwa kuwa hospitali. Bibi Florence Nightingale alifika huko Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38, na sifa zake zimesikika dunia nzima. Lakini jengo lenyewe lilikuwa mtego. Chini yake mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na hewa yenye uvundo ilipanda kwa njia za vyoo hadi walipolala watu. Magodoro yalipangwa hata katika kumbi za kupitia, mgonjwa ubavuni mwa mgonjwa. Mwezi Februari 1855 walikufa wapatao 42 katika kila wagonjwa 100. Mwezi Machi ilifika tume ya afya chini ya Dakta John Sutherland, ikazibua mifereji, ikasafisha, ikapaka chokaa, ikafungua njia za hewa. Kufikia mwezi Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 2 katika 100. Majira yalikuwa yamebadilika pia, na wagonjwa walikuwa wamepungua, wala si vema kulificha hilo. Hata hivyo sehemu kubwa ya ushindi huo ilipatikana kwa koleo, ndoo na chokaa.

Kabla habari za ushindi huo hazijajulikana, serikali ya Uingereza, ikiwa imelaumiwa vikali na magazeti na Bunge, ilikwisha kuazimia kupeleka hospitali nyingine. Tarehe 16 Februari 1855 Wizara ya Vita ilimwandikia mhandisi Isambard Kingdom Brunel, naye akakubali siku hiyo hiyo. Brunel alikuwa na umri wa miaka 48. Alijulikana kwa reli ya Great Western, kwa madaraja yake na kwa meli. Wakati huo alikuwa akiiunda Great Eastern, meli iliyozidi kwa ukubwa meli zote zilizokuwapo duniani. Aliombwa kuandaa hospitali ya maelfu ya kilomita kutoka nyumbani, katika kiwanja ambacho hakuna aliyejua kiko wapi, maana mahali pa kujenga palikuwa hapajachaguliwa. Kama pangekuwa mteremko au tambarare, mwamba au mchanga, hakuweza kujua.

Mjenzi wa kawaida huanza na kuta na paa, kisha huwaachia mafundi wengine wajitafutie mahali pa kupitisha mabomba yao. Ukiitazama kazi ya Brunel waona kwamba alitoka upande wa pili kabisa, upande wa mtu aliyelala kitandani. Kila jengo lilikuwa la wagonjwa 50, katika wodi mbili. Ndani ya jengo hilo hilo mlikuwa na chumba cha wauguzi, stoo ndogo, bafu, mahali pa kunawia na vyoo vya maji. Maana ya mpango huo ni rahisi kueleweka na yeyote aliyepata kuhamisha kikosi: hata kama meli moja ingechelewa au kuzama, jengo lililokwisha kufika lingeweza kupokea wagonjwa peke yake, bila kungojea ndugu zake. Na kwa kuwa majengo yote yalifanana, yangeweza kuwa kumi au arobaini bila mchoro kubadilishwa. Yalipangwa kandokando ya ukumbi mrefu ulioezekwa, kila moja likikaa kwa kimo chake kama ardhi ilivyoruhusu. Majiko na mahali pa kufulia vilitengwa, vikajengwa kwa chuma, kwa kuogopa moto, kwani wodi zilikuwa za mbao.

Sasa tuje kwenye joto, jambo ambalo mwenyeji wa yunipoti atataka kulisikia. Brunel alijua kwamba jua la kiangazi cha Uturuki si la kufanyiwa mzaha. Paa la mbao alilifunika kwa bati jembamba sana lililong'arishwa, ili lirudishe miali ya jua ilikotoka, na mbao za nje na ndani zikapakwa chokaa nyeupe. Chini ya paa ziliachwa nafasi za kutolea hewa ya moto. Zaidi ya hayo, kila jengo lilipewa feni ya kuzungushwa kwa mkono, iliyosukuma hewa safi kwa njia iliyopita chini ya sakafu na kuipandisha kati ya vitanda. Mtu mmoja aliweza kuizungusha pasipo kuchoka upesi, na kwa dakika moja ilitoa futi za ujazo 1,000 hadi 1,500 za hewa. Yaani kila mgonjwa alipata futi 20 hadi 30 kwa dakika, ambazo kwa vipimo vya sasa ni kama lita 9 hadi 14 kwa sekunde, mbali na hewa iliyoingia madirishani. Hapakuwa na injini wala umeme. Palikuwa na askari mmoja wa zamu na mkono wa feni.

Jambo la vyoo alilishikilia kwa ukaidi. Katika zama zile vyoo vya maji havikuwa kitu cha kutarajiwa vitani kwa askari wa kawaida. Brunel hakuvipeleka tu. Alimpeleka na msimamizi wa mafundi waliovitengeneza, pamoja na watu wawili waliojua kulaza mabomba, maseremala kumi na karakana ndogo ya uhunzi. Naona hapo pana siri kubwa ya kazi yote. Kipande kilichotoka kiwandani hakikutumwa kikiwa yatima, bali kilifuatana na mtu anayejua kinavyofungwa.

Kabla ya kutuma chochote alisimamisha jengo moja la majaribio kwenye viwanja vya reli huko Paddington, London, ili makosa yaonekane karibu na nyumbani, ambako msumeno upo na mbao zipo. Mbao zilikatwa katika karakana za William Eassie mjini Gloucester, zikafungwa katika vifurushi ambavyo watu wachache waliweza kuvibeba bila mashine. Meli 23 zilitumika, zikiwa na mzigo wa tani zipatazo 11,500. Kila meli ilipong'oa nanga, barua iliyoeleza kilichomo ndani yake ilitangulia kwa posta kwa mhandisi John Brunton, aliyekuwa akingojea Renkioi, na michoro yote ilitumwa nakala mbili. Brunel alimsihi Brunton asikubali kushawishiwa na mtu yeyote kuubadili mpango wa jumla. Alijua tabia za kambi. Kila ofisa anayepita hutaka mlango uhamishwe.

Ujenzi ulianza mwishoni mwa Mei 1855. Mwezi Julai palikuwa na nafasi ya wagonjwa 300, na mwezi Desemba nafasi 1,000. Mpango wote ulikuwa wa vitanda 2,200. Wagonjwa wa kwanza walipokelewa tarehe 2 Oktoba 1855, na hospitali ikafungwa Julai 1856, baada ya amani kutiwa sahihi mjini Paris mwezi Machi. Kwa muda huo wote walitibiwa watu wapatao 1,300 na kidogo zaidi, na waliokufa ni wapatao 50, yaani pungufu ya 4 katika kila 100.

Hapa yanipasa kuwa mwaminifu kwa msomaji, kwa sababu waandishi wengi huiweka hesabu hiyo kando ya ile ya Scutari ya Februari kisha wakapiga makofi. Mizani hiyo si sawa. Renkioi ilichelewa. Ilipofungua milango yake mji wa Sevastopol ulikuwa umekwisha kuanguka, baridi ya kwanza iliyoua maelfu ilikuwa imepita, na wengi waliofika huko walikuwa na nguvu za kusafiri baharini siku kadhaa. Scutari yenyewe ilikuwa imekwisha kusafishwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mbao za Gloucester ziliponya watu. Tunachoweza kusema ni kwamba jengo lile halikuua, na kwa hospitali za vita za karne ile hilo si jambo dogo.

Mganga mkuu wa Renkioi alikuwa Dakta Edmund Alexander Parkes, ambaye Brunel alimpenda kwa kuwa aliyajali mabomba kama alivyoyajali magonjwa. Baada ya vita, mwaka 1860, Parkes aliwekwa kuwa profesa wa usafi wa kijeshi katika chuo cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1864 akatoa kitabu kikubwa cha usafi kilichotumiwa na majeshi kwa miaka mingi. Hivyo mambo yaliyotazamwa katika wodi za Renkioi, kiasi cha hewa, nafasi ya kitanda, njia ya maji machafu, yaliingia katika mafunzo ya maofisa wa tiba.

Tukirudi kwenye zahanati za siku hizi, kazi imebadilika kwa namna moja. Mara nyingi nyumba ipo tayari: bohari tupu, bweni la zamani, ukumbi wenye paa zuri. Kinachotakiwa ni ndani yake kugawanywe kuwe na chumba cha daktari, cha sindano, cha maabara, cha kujifungulia, na pengine cha eksirei. Viambaza vya kiwandani vina mifupa ya chuma chembamba na nyuso za jasi au za bati lililopakwa rangi, na katikati hupitishwa umeme, maji na, panapohitajika, bomba la oksijeni. Fundi huvitengeneza akiwa kivulini, juu ya meza, kwa kipimo kimoja. Vikifika hakuna kuchanganya saruji wala kupasua ukuta mpya ili kuficha waya. Vumbi ni kidogo, kelele ni za siku chache, na wagonjwa wa chumba cha pili waweza kuendelea kutibiwa. Faida hizo ni za kweli.

Lakini kuna mambo ambayo kiwanda hakiyaoni kutoka mbali. Ukuta wa bohari la zamani haujanyooka kama ulivyochorwa. Vipimo vichukuliwe katika jengo lenyewe, baada ya sakafu kumwagwa na kukauka, la sivyo paneli ya mwisho itagoma kuingia. Kiambaza kilicho tupu ndani hakiwezi kubeba sinki au kabati mpaka kitiwe ubao mnene mahali pa skrubu, na ubao huo hauna budi kutiwa kiwandani. Penye maungio yasiyozibwa, mende na panya huhamia, na ndani ya ukuta mtupu hawafikiwi na ufagio wala dawa. Chumba cha eksirei kinahitaji bamba la risasi ndani ya paneli zake, na mabamba hayo yapandane kwenye kila kiungo, kwani mwanya mwembamba kama wembe watosha kuwapitishia miali walio upande wa pili. Sakafu ipandishwe kidogo ukutani ili pasiwe na pembe ya kuhifadhi uchafu. Na mlango upimwe kwa machela yenye mgonjwa na wabebaji wake, wakigeuka kutoka ukumbini. Mchoro wa karatasi hauwezi kugeuka.

Kuhusu hewa, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba wodi za kawaida zinazotegemea upepo wa madirishani zipate lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa, na vyumba vya maradhi yanayoenea kwa hewa, kama kifua kikuu, zipate lita 160. Ukilinganisha na feni ya Brunel waona jinsi kipimo kilivyopanda. Hapo ndipo viambaza vizuri hugeuka kuwa hatari: bohari lililokuwa na upepo kutoka dirisha hadi dirisha likigawanywa vyumba kumi, vyumba vya katikati hubaki havina dirisha hata moja. Anayekohoa huketi humo na anayemwandikia dawa. Ni heri kiambaza kiishie chini ya dari na kuacha wazi juu, au vyumba vipangwe upande mmoja na ukumbi upande wa pili, kuliko kuwa na ofisi nyingi zenye milango ya kupendeza.

Mwezi Januari 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza kuenea, Wachina walionyesha tena kwamba jambo hili lawezekana kwa haraka kubwa. Hospitali ya Huoshenshan mjini Wuhan, yenye vitanda 1,000, ilianza kujengwa tarehe 23 Januari na ikakabidhiwa tarehe 2 Februari, na waliopewa kuiendesha ni waganga na wauguzi wa kijeshi 1,400. Vyumba vilifika vikiwa masanduku yaliyokwisha kukamilika. Dunia nzima ilitazama korongo za kupandishia mizigo zikifanya kazi usiku na mchana. Ni wachache waliotazama zaidi ya hapo, kwamba vyumba vya wagonjwa vilivutwa hewa ili isitoroke kuelekea kwa wauguzi.

Mimi mwenyewe nilipata kuitembelea zahanati moja ya kambi, ambayo haina haja ya kutajwa, iliyokuwa imepambwa kwa viambaza vya namna hii. Ilipendeza macho. Kuta zilikuwa nyeupe, milango ilifunga bila kelele, na katika chumba cha kufungia vidonda palikuwa na sinki la chuma linalong'aa, lenye bomba la kufungulia kwa kiwiko ili daktari asiguse kwa vidole. Nilisukuma kiwiko, halikutoa kitu. Muuguzi, sajini mwenye miaka mingi kazini, akanichukua nje na kunionyesha. Bomba la kambi lilikuwa limeletwa na mkandarasi mmoja, ukuta na mwingine, na ncha mbili zilikuwa zimekomea mbalimbali, kiasi cha hatua moja ya mtu. Kila mmoja alikuwa ameimaliza kazi yake kama mkataba ulivyosema, akalipwa, akaenda.

"Tangu lini, afande?" nikamwuliza.

"Tangu tulipofungua," akajibu. Akarudi ndani, akainua jerikeni ya manjano iliyokuwa chini ya sinki, akammiminia maji daktari mikononi, na kumwita askari aliyekuwa akingoja na mguu uliofungwa kitambaa.